Mtoto, Mbwa na Simba wa Naro Moru

Hapana shaka, msomaji, umepata kuiona picha ya sinema yenye kisa cha mtoto na mbwa wake. Kama hukuiona, basi umesimuliwa na mwenzako aliyeiona. Kisa chenyewe hakibadiliki sana. Mtoto ni mpweke, au ni maskini, au ni mgeni mahali anapokaa. Mbwa anatokea, na urafiki unaanza. Watu wazima hawamtaki mbwa yule. Anauzwa, au anafukuzwa, au anapotea. Kisha anarudi na kuyaokoa maisha ya mtu, na wale wale waliomfukuza ndio wanaompapasa kichwa. Watazamaji wanalia kidogo, wanafurahi sana, nao wanakwenda zao nyumbani.

Mtindo huu ni wa zamani karibu sawa na sinema yenyewe. Mwaka 1905, huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Cecil Hepworth alitengeneza picha fupi ya dakika chache iliyoitwa Rescued by Rover, juu ya mbwa anayemtafuta mtoto mchanga aliyeibwa. Hakuajiri watu wengi: alicheza yeye mwenyewe, na mkewe, na mtoto wao, na mbwa wao wa nyumbani ambaye jina lake halisi lilikuwa Blair. Watu waliipenda hata mkanda wa asili ukachakaa kwa kunakiliwa, ikambidi aipige picha nzima upya, tena si mara moja bali mara mbili. Mwaka 1943 Wamarekani wakatoa Lassie Come Home, kisa cha mvulana wa Kiingereza na mbwa jike aliyeuzwa kwa sababu ya umaskini, naye akatembea masafa marefu kumrudia bwana wake mdogo. Mbwa yule jike aliyewaliza watu duniani kote alichezwa na dume aliyeitwa Pal. Likumbuke jambo hili dogo, maana tutalirudia: mnyama unayemwona katika picha siye mnyama unayeambiwa kuwa ndiye.

Sasa tuiache Ulaya na Marekani, twende Tetu. Hiyo ni nchi ya matuta na mabonde, kati ya mji wa Nyeri na msitu wa Nyandarua. Juu karibu na msitu kuna chai, chini kuna kahawa, na kati yake mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Huko nako kuna mtoto na mbwa, lakini mbwa wa Tetu hana kazi ya kuchezacheza tu. Hufukuza nyani shambani, hulinda zizi, humbwekea mgeni afikapo langoni, na usiku hulala nje katika baridi itokayo mlimani. Chakula chake ni makombo. Mtoto akimpenda, humpenda kimya kimya, kwa kumtupia kipande cha kiazi baba asipoona. Walakini mtazame mtoto huyo anapomwita mbwa wake, usikilize jina alilompa. Mara nyingi utasikia: "Simba! Simba!" Mbwa waitwao Simba katika vijiji vya Kenya hawahesabiki. Mbwa mwenyewe pengine ni mdogo, mbavu zinaonekana, mkia umekatwa. Lakini jina lake ni Simba, naye hulijibu bila haya.

Jina hilo linatufikisha penye kisa chetu. Kwa maana picha ya namna hii iliyopata sifa kubwa kuliko zote zilizotengenezwa karibu na Nyeri haikuwa na mbwa, bali ilikuwa na simba mwenyewe. Ilipigwa Naro Moru, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Tetu, kwenye barabara iendayo Nanyuki, chini ya miamba na theluji ya Mlima Kenya. Jina lake ni Born Free, maana yake Aliyezaliwa Huru.

Asili ya kisa ni hii. George Adamson alikuwa Bwana Nyama mkubwa katika jimbo la kaskazini, makao yake Isiolo. Februari 1956 alikwenda kumsaka simba aliyemla mtu mmoja wa kabila la Waborana. Katika msako huo simba jike mmoja alimrukia, akampiga risasi. Baadaye ndipo alipotambua kwamba mama yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Watoto hao akawachukua kwa mkewe, Joy. Wawili wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki, akaitwa Elsa. Alilelewa nyumbani kwa maziwa ya chupa, akilindwa na mtumishi wao Nuru, na akichezeshwa na pimbi mmoja mfugwa. Alipokomaa, mtu na mkewe walimfundisha kuwinda, jambo ambalo mama yake angalimfundisha kwa urahisi zaidi, kisha wakamwachilia katika nchi ya Meru. Mwisho wa mwaka 1959 akazaa watoto watatu porini, naye akaja nao kuwaonyesha marafiki zake wa zamani. Mwaka 1960 Joy Adamson alitoa kitabu juu yake, kikasomwa katika lugha nyingi. Elsa mwenyewe hakuishi kuuona umaarufu wake: Januari 1961 alikufa kwa ugonjwa uletwao na kupe, ugonjwa wa namna ile ile inayowaua ng'ombe wetu.

Kabla ya kitabu hicho kufanywa sinema, kulikuwa na picha nyingine iliyopigwa karibu na mlima huo huo, nayo yastahili tuitaje ijapokuwa kwa haraka. Iliitwa The Lion, ikatoka mwaka 1962, kutokana na kitabu cha Mfaransa Joseph Kessel. Kisa chake ni cha msichana mdogo na simba aliye rafiki yake. Mmoja wa wachezaji wake wakuu, Mmarekani William Holden, alikuwa mmoja wa wenye hoteli ya Mount Kenya Safari Club huko Nanyuki. Na simba je? Simba wa picha hiyo, aliyeitwa Zamba, alikuwa simba mfugwa wa Marekani, akaletwa Kenya kutoka California ili aje kucheza simba wa Afrika! Nadhani hakuna mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha jinsi sinema inavyofanya kazi.

Born Free nayo ilianza kupigwa mwaka 1964. Mwongozaji wake alikuwa James Hill, na wachezaji wakuu walikuwa Virginia McKenna na Bill Travers, ambao walikuwa mtu na mkewe kwelikweli. Watengenezaji walijaribu kwanza kutumia simba wa sarakasi walioletwa kutoka Ulaya, lakini simba aliyefundishwa kutii mjeledi hawezi kuigiza urafiki. Ndipo wakatafuta simba wengine waliolelewa na watu, na George Adamson akaitwa kuwa mshauri. McKenna na Travers walijizoeza kutembea na simba hao uwandani siku baada ya siku, bila silaha, mpaka simba wakawazoea. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake: siku moja simba mmoja alimrukia Virginia McKenna kwa mchezo tu, akamvunja kifundo cha mguu. Elsa unayemwona katika picha si simba mmoja. Ni simba kadhaa wa umri mbalimbali, kama vile Lassie alivyokuwa dume aitwaye Pal. Hata nchi yenyewe siyo. Elsa aliishi katika nchi kavu yenye joto na miiba. Katika picha unaona majani mazuri ya Naro Moru, mahali ambapo asubuhi mtu huvaa sweta.

Miongoni mwa simba hao walikuwamo ndugu wawili, dume na jike, waliolelewa na kikosi cha askari wa Kiingereza kilichokuwa Kenya, kikosi cha Scots Guards. Askari waliwapa majina mafupi: dume aliitwa Boy, jike akaitwa Girl, yaani Mvulana na Msichana. Msomaji atanisamehe nikisimama hapa kidogo. Katika nchi hii, siku za ukoloni, neno "boi" lilitumiwa kumwita mtumishi wa nyumbani, hata kama mtumishi huyo alikuwa na mvi na wajukuu. Sidhani kama askari wale walilifikiria jambo hilo walipompa simba wao jina. Lakini sisi tusomao historia yafaa tulifikirie, kwa sababu simba aliyeitwa Boy alikuja kujulikana kwa jina lake duniani kote, na wanaume wengi walioitwa boi hawakujulikana kwa majina yao hata katika nyumba walizofanyia kazi.

Machi 1966 picha ilionyeshwa London mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili. Yule yule aliyeupata umalkia mwaka 1952 alipokuwa Treetops, katika msitu wa Nyandarua, jirani na Tetu. Mwaka uliofuata mtungaji wa muziki wake, John Barry, alipata tuzo mbili za Oscar, moja kwa muziki wa picha na moja kwa wimbo wake, aliopewa pamoja na mwandishi wa maneno. Wazazi kwa watoto walijaa katika majumba ya sinema. Ni picha nzuri, sitaki kukudanganya. Simba wanapendeza, wachezaji hawajidai, na ile sehemu ambapo mtu na mkewe wanamwacha Elsa peke yake porini ili ajifunze kuwa simba, kisha wanarudi wakamkuta amekonda na kujeruhiwa, ni vigumu kuitazama kwa macho makavu.

Lakini sasa itazame tena, mara hii si kwa jicho la mtazamaji bali kwa jicho la mwanafunzi wa historia. Mwanzoni mwa picha, mwanamke Mwafrika anafua nguo mtoni. Simba anatokea, anamwua. Basi, kazi ya mwanamke huyo imekwisha. Hatuambiwi jina lake, wala hatuoni waliomlilia. Yule Mborana wa kisa cha kweli amegeuzwa kuwa mwanamke wa sinema, na wote wawili wamekuwa mlango tu wa kuingilia hadithi ya watu wengine. Waafrika wawili wanaonekana zaidi kidogo: Peter Lukoye, aliyecheza kama Nuru, na Omar Chambati, aliyecheza kama Makkede. Wanabeba, wanaendesha, wanacheka, wanatazama. Picha inakwisha nasi hatujui mmoja wao anawaza nini juu ya simba kulala kitandani.

Yafikirie pia maneno yale, "aliyezaliwa huru". Elsa aliokotwa mwanzoni mwa 1956. Mwaka huo, Tetu ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu na majirani zao kutoka katika mashamba yao na kuwakusanya kwa nguvu katika vijiji vipya zaidi ya 800. Waliohamishwa walizidi watu milioni moja. Vijiji vilizungukwa na mahandaki yaliyochomekwa miti iliyochongwa, na saa za kutoka na kuingia zilikuwa za amri. Mtoto aliyezaliwa Tetu mwaka ule wa Elsa alizaliwa ndani ya handaki hilo. Mbwa nao walikuwamo katika vita hivyo, kwa maana majeshi ya Kiingereza yalitumia mbwa waliofunzwa kunusa nyayo za wapiganaji msituni. Mbwa wa namna hiyo hakuwa rafiki wa mtoto ye yote wa Tetu. Na tarehe 21 Oktoba 1956, pembezoni mwa msitu katika Tetu hiyo hiyo, Dedan Kimathi, aliyezaliwa huko mwaka 1920 na kupata kuwa mwalimu, alipigwa risasi na kukamatwa. Alinyongwa Februari 1957.

Kwa hiyo, mtoto yule aliyezaliwa handakini alikuwa na umri wa miaka minane hivi kamera zilipowekwa Naro Moru. Kenya ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, mwaka mmoja tu nyuma. Uwanda ule ambapo Elsa wa sinema alikimbia ulikuwa sehemu ya ardhi waliyotengewa walowezi wa Kizungu, na ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha vita. Picha haisemi hata neno moja juu ya hayo. Sisemi kwamba watengenezaji walikuwa na hila. Walikuja kusimulia kisa cha simba, wakakisimulia vizuri. Nasema tu kwamba dunia nzima ilifundishwa kulihusisha neno "uhuru" na nchi hii kwa njia ya simba mmoja, wakati palikuwa na watu maelfu, mwendo wa saa moja kutoka hapo, ambao wangaliweza kulieleza neno hilo kwa namna nyingine.

Taa zilipowashwa, simba walikwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo picha za mtoto na mbwa hazijibu kamwe. Wengi wa simba wa Naro Moru walipelekwa kwenye bustani za wanyama, wakaishi nyuma ya vyuma baada ya kucheza kisa cha uhuru. George Adamson alipewa watatu tu awafanyie kama alivyomfanyia Elsa: Boy, Girl na Ugas. Aliwapeleka Meru mwaka 1965. Girl alifanikiwa kuwa simba wa porini. Boy njia yake ilikuwa ngumu. Mwaka 1969 alimwuma mtoto mdogo wa afisa wa mbuga, naye mtoto akapona. Baadaye Boy mwenyewe akavunjika mguu, akafanyiwa upasuaji, akauguzwa, na mwaka 1970 akapelekwa Kora, nchi kavu kando ya mto Tana. Huko, Juni 1971, alimwua kijana Mwafrika aliyekuwa akifanya kazi katika kambi ya Adamson. George Adamson akachukua bunduki yake, akampiga risasi simba aliyekuwa amemlea.

Ukiisoma habari hiyo baada ya kuiona picha, utashtuka. Boy hakuwa mwovu. Alizaliwa simba, akalelewa na askari kama mbwa wa kambini, akachezeshwa sinema, kisha akaambiwa arudi kuwa simba tena, lakini akiwa karibu na watu asiowaogopa. Ni nani angaliweza kuyapatanisha hayo yote? Na kijana aliyekufa hakuwa mchezaji wa sinema, wala hakuandika kitabu. Alikuwa kazini.

Haki yataka tuseme pia mema yaliyotokea. McKenna na Travers hawakuyasahau waliyoyaona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walicheza Kenya katika picha nyingine pamoja na ndovu mchanga aitwaye Pole Pole, ambaye baadaye alipelekwa katika bustani ya wanyama ya London kuwa zawadi kutoka Kenya. Ndovu huyo alikufa huko mwaka 1983, angali kijana kwa umri wa ndovu. Mwaka 1984 mtu na mkewe wakaanzisha chama cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungwa katika bustani, chama ambacho baadaye kilichukua jina la ile picha, Born Free. Akina Adamson wao waliuawa na watu, si na simba: Joy mwaka 1980 katika hifadhi ya Shaba, George mwaka 1989 huko Kora.

Na Tetu je? Kwa miaka mingi ndovu walitoka msituni usiku wakamaliza mahindi na viazi vya mwaka mzima, na mkulima hakuwa na la kufanya ila kupiga madebe, kuwasha moto na kumtegemea mbwa wake. Ndipo ulipojengwa ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Nyandarua, kazi iliyoanza mwaka 1989 na kumalizika 2009. Urefu wake ni kilomita zipatazo 400. Upande mmoja wa waya kuna ndovu, nyati na chui. Upande wa pili kuna chai, ng'ombe na watoto waendao shule. Ua umepunguza hasara, lakini haukumfuta kazi mbwa, kwa maana nyani hawajali sana waya, na wezi hawatoki msituni.

Ukipita huko usiku, msomaji, utasikia kwanza baragumu ya ndovu kwa mbali, ndani kabisa ya msitu. Kisha mbwa ataanza kubweka karibu na zizi, na mlango wa jiko utafunguliwa kidogo, na mtoto mwenye tochi atatoa kichwa nje, amwite jina lake: "Simba, kuna nini?"